Mashimo ya Ulanga: Safari ya Siku Moja Katika Historia ya Matombo



Kila mwaka katika kijarida hiki cha harambee tunaweka ukurasa wa historia. Tumeshaandika juu ya koo zetu, juu ya misheni na juu ya barabara. Safari hii tunaandika juu ya mashimo. Mtoto yeyote aliyekulia kwetu anayajua: yale matundu ya zamani huko juu mlimani, ambayo tukiwa wadogo tulikatazwa kuyasogelea, na kwa sababu tulikatazwa tukayasogelea. Wengi wetu tumeondoka Matombo, tukasoma, tukaajiriwa, tukazeekea mijini, bila kumuuliza mtu yeyote ni nani aliyechimba pale, alikuwa anatafuta nini, na alichokipata kilikwenda wapi.

Ndiyo maana kiangazi kilichopita kamati ya chama iliamua kwamba matembezi ya mwaka yasiwe ya kula nyama na kupiga picha tu. Tukapanga kwenda kuyaona mashimo, Jumamosi moja, kwenda na kurudi.

Safari yenyewe

Walioishi Dar es Salaam walilala Morogoro Ijumaa. Alfajiri tukaondoka na basi dogo la kukodi kupitia Bigwa, Kiroka na Mkuyuni, milima ikiwa kulia kwetu muda wote, imefunikwa ukungu. Kwa mgeni aliyekuwa nasi tulieleza lile ambalo kila mwenyeji hulieleza: kwamba jina Matombo kwa Kiluguru ni maziwa ya mama, nalo limetokana na miamba inayofanana nayo. Mgeni alicheka. Sisi tulikuwa tumeshaacha kucheka zamani. Kwetu ni jina la nyumbani tu, na ni jina zuri kwa mahali ambapo mtoto ni wa ukoo wa mama na shamba hufuata upande huo huo.

Tulipofika tulipita kwanza ofisi ya kijiji kutoa taarifa, kama inavyotakiwa. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa vijana wetu wa mjini hudhani kwao ni kwao, huingia na kutoka bila hodi. Sehemu kubwa ya msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na huko huingii bila kibali. Mashimo tuliyokwenda kuyaona yako chini ya mpaka wa hifadhi, kwenye ardhi ya ukoo, kwa hiyo hodi ya pili tuliipiga kwa wenye ardhi. Tulipewa mwenyeji wa kutuongoza, mzee aliyepita miaka themanini, ambaye tulimwita Babu kama wanavyomwita wote. Tulimwamkia, akaitikia, akatutazama viatu, akawaambia watatu kati yetu kwamba kwa viatu vile hawatafika. Walifika, lakini Babu alikuwa na haki ya kusema.

Njia ilipanda katikati ya migomba, mifenesi na mikarafuu, ikavuka vijito viwili, ikaingia kwenye mashamba ya mihogo yaliyotundikwa mlimani kana kwamba yameshikizwa kwa misumari. Baada ya saa mbili hivi Babu alisimama akaelekeza fimbo chini. Kwenye udongo wa njia kulikuwa na vitu vinavyong'aa. Mmoja wetu alidhani ni vipande vya chupa. Tulipoinama tuliona ni ulanga: tabaka nyembamba, laini, zinazochanika kwa ukucha kama karatasi za kitabu. Kadiri tulivyopanda ndivyo njia ilivyozidi kung'aa, mpaka tukawa tunatembea juu ya lundo la kifusi cha zamani lililoota majani. Mbele yake palikuwa na shimo.

Usifikirie mgodi mkubwa kama wa kwenye televisheni. Kwanza ni mfereji uliokatwa kuingia ubavuni mwa mlima, upana wa mtu mmoja na nusu. Mwisho wa mfereji kuna mdomo wa pango, urefu wa mtu mzima aliyeinama. Kuta zina alama za tindo, bado zinaonekana, moja kando ya nyingine, kila alama ni pigo la mkono wa mtu. Katikati ya mwamba wa kijivu unapita mkanda mweupe wa kwatzi na mawe mengine yenye chembe kubwa, na humo ndani ulanga umekaa kwa mafungu kama vitabu vilivyosahaulika rafuni. Popo walikuwa wengi. Hatukuingia zaidi ya pale mwanga wa jua unapofika. Sababu tutaieleza mbele.

Hatua chache kutoka hapo kuna shimo jingine, la kushuka wima, limejaa maji na majani yaliyooza. Halina uzio wala alama. Babu alitueleza kwamba miaka michache iliyopita mtoto aliyekuwa akimfuata mbuzi aliteleza humo wakati wa masika, akavunjika mguu. Alipona, lakini aliokolewa kwa bahati: mama mmoja aliyekuwa akitoka kuchanja kuni alisikia kilio.

Ulanga ulitafutwa kwa kazi gani

Tulipokuwa tumekaa kivulini tukila mihogo ya kuchemsha, kijana mmoja aliuliza swali ambalo ndilo hasa lililotupeleka. Kitu hiki kinachochanika kama karatasi kina thamani gani hata mtu atoke Ulaya kuja kukichimba?

Jibu liko nyumbani kwa wengi wenu. Ukifungua pasi ya umeme ya zamani utakuta waya wake umezungushwa kwenye ubao mwembamba unaong'aa. Huo ni ulanga. Hauungui, haupitishi umeme, na ukichanwa vizuri unapitisha mwanga. Kabla ya plastiki, viwanda vya umeme vilivyokuwa vikikua haraka Ujerumani, Uingereza na Marekani vilihitaji kitu cha namna hiyo katika kila mashine. Madirisha ya majiko na ya taa yalitengenezwa kwa ulanga pia. Vipande vikubwa visivyo na doa ndivyo vilivyolipa, na milima ya Uluguru ilikuwa navyo.

Wajerumani walianza kuchimba ulanga wa Uluguru mwanzoni mwa karne ya 20. Ili kuelewa namna babu zetu walivyoingia katika kazi ile, lazima tukumbuke kilichotangulia. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Matombo mwaka 1897. Mwaka uliofuata serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Kodi ilitakiwa ilipwe, na mtu ambaye shamba lake lilimpa mtama, mahindi na ndizi hakuwa na sarafu. Sarafu ilipatikana kwa mwenye kazi: shambani kwa mzungu, barabarani, relini au mgodini. Hivyo ndivyo wengi waliopiga tindo kwenye zile kuta walivyofika pale. Hawakuwa watumwa, maana walilipwa. Lakini hawakuamka asubuhi wakajisikia tu kwenda kuvunja mawe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Mwamba ulivunjwa kwa nyundo na tindo, mafungu ya ulanga yakatolewa taratibu yasipasuke, yakachambuliwa, yakachanwa, kingo mbovu zikakatwa kwa kisu, kisha yakapangwa kwa ukubwa. Sehemu kubwa ya kilichochimbwa hutupwa, ndiyo maana njia ile inang'aa hadi leo. Kilichobaki kilishushwa mlimani kwa vichwa na mabega. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907. Kabla ya hapo mzigo wa nchi hii kwenda pwani ulikwenda kwa miguu ya wapagazi.

Babu alikuwa na kumbukumbu aliyoachiwa na babu yake mzaa mama. Alisema mzee yule alibeba mizigo ya ulanga miaka mingi, wala hakuwahi kuambiwa unakwenda kufanya nini. Wenyewe kwa wenyewe walikisia kwamba Wazungu wanautumia kutengeneza madirisha ya kanisa. Hawakuwa mbali sana na ukweli kwa habari ya madirisha.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika mlangoni kwetu mwaka 1916. Waingereza waliingia mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti mwaka ule, Wajerumani wakarudi nyuma kuizunguka milima kuelekea Kisaki, na majeshi yakapita pande zote mbili za Uluguru, upande wetu wa mashariki ukiwa mmojawapo. Katika Vita Kuu ya Pili ulanga ulitafutwa tena kwa nguvu, safari hii kwa redio za kijeshi na injini za ndege, na machimbo ya Uluguru yakafanya kazi chini ya Waingereza. Baada ya vita mahitaji yakashuka, vitu vingine vikachukua nafasi ya ulanga katika viwanda, na shimo moja baada ya jingine likaachwa. Hakuna aliyerudi kufukia.

Jiwe jeusi lililokwenda Berlin na Vienna

Hapa tunafika kwenye sehemu ambayo wengi wetu tulikuwa hatuijui hata kidogo, nasi tunaona aibu kuikiri, kwa kuwa tumo humu walimu, wahandisi na hata wakemia.

Katika machimbo ya ulanga ya Uluguru kulipatikana jiwe jingine, jeusi na zito kupita ukubwa wake. Lilikuwa uraninaiti, jiwe lenye uraniamu. Lilipelekwa Berlin, na mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald aliandika juu yake. Juu ya jiwe lile jeusi, pale lilipoliwa na hewa na maji kwa muda mrefu, palikuwa na ganda la rangi ya njano. Marckwald alilipima akaona ni madini ambayo hayajawahi kuandikwa popote duniani. Aliyapa jina la Ernest Rutherford, mwanasayansi mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akiongoza utafiti wa mionzi, ambaye miaka miwili baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Hadi leo madini hayo yanaitwa rutherfordini, na katika vitabu vya madini vya lugha zote, mahali pake pa asili ni Morogoro, milima ya Uluguru, pande za Lukwangule. Lukwangule ni ule uwanda wa juu ambao sisi tunauona kwa upande huu na ndugu zetu wa Mgeta wanauona kwa upande wa pili.

Habari haikuishia hapo. Wakati ule wanasayansi walikuwa wakibishana juu ya jambo moja kubwa: je, elementi moja inaweza kuwa na atomi za uzito tofauti? Mwaka 1913 Frederick Soddy wa Uingereza alizipa atomi za namna hiyo jina la isotopu. Lakini jina halitoshi, ilitakiwa ithibitishwe. Ilijulikana kwamba uraniamu hubadilika polepole sana, kwa mamilioni ya miaka, na mwisho wake huwa risasi, ile metali laini ya kijivu. Basi kama nadharia ni ya kweli, risasi iliyozaliwa na uraniamu itakuwa na uzito usiolingana na risasi ya kawaida.

Huko Vienna, Otto Hönigschmid na mwenzake Stefanie Horovitz, mwanamke mkemia kutoka Poland, waliifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa katika miaka ya 1914 na 1915. Walihitaji jiwe la kale na safi, ambalo risasi iliyomo ndani yake imetokana karibu yote na uraniamu. Mojawapo ya mawe waliyoyatumia lilikuwa uraninaiti ya Morogoro. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomi wa 207.2 hivi. Ile iliyotoka katika jiwe la milima yetu ilitoa kama 206.05. Tofauti hiyo ndogo, ambayo mtu wa kawaida angeiona si kitu, ilikuwa miongoni mwa ushahidi ulioikata ile hoja. Leo mwanafunzi wa kemia wa sekondari anafundishwa isotopu. Anafundishwa hapa Matombo pia, ubaoni, kwa chaki, na hakuna anayemwambia kwamba jiwe mojawapo lililothibitisha somo lile lilibebwa kutoka mlima anaouona dirishani.

Tulipomaliza kumsimulia Babu habari hii alinyamaza kidogo. Kisha aliuliza kama huyo mwenye jina la jiwe aliwahi kufika huku. Tukamjibu hapana. Akauliza kama kuna jiwe lolote lenye jina la Mluguru. Hatukuwa na la kumjibu.

Mashimo ya zama zetu

Tusidhani kwamba mashimo yote ni ya Wajerumani na Waingereza. Tulipokuwa tukishuka kwa njia nyingine tulipita kwenye maduara ya rubi na spineli, yaliyochimbwa na watu tunaowajua, wengine wao jamaa zetu. Mawe haya hukaa kwenye marumaru, ile miamba myeupe ya pande zetu, na jina Matombo linajulikana kwa wafanyabiashara wa vito hadi Bangkok, ambako rubi za dunia hukatwa na kuuzwa. Wachimbaji wadogo walifika kwa wingi katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita. Walikuja na sururu, chepe na mahema ya turubai, sokoni bei ya mchele ikapanda, vijana wakaacha shule. Wachache walijenga. Wengi waliondoka kama walivyokuja, wakaacha maduara wazi, matimba yake yanaoza.

Mmoja wa wanakamati wetu alichimba pale ujanani mwake. Alitueleza bila kuficha kwamba jiwe bora aliloliona maishani mwake aliliuza kwa bei ya baiskeli, kwa sababu hakujua lina thamani gani na aliyenunua alijua. Alisema babu zake walibeba ulanga bila kujua unakwenda wapi, naye akauza rubi bila kujua inakwenda wapi, na kati yao imepita karibu miaka mia. Tuliliandika neno lake kwa sababu ndilo lililobeba safari yote.

Katika historia yetu kuna fundisho jingine la namna hiyo. Wazee wanaukumbuka mpango wa ngazi wa miaka ya 1950, pale serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mlimani kuzuia mmomonyoko. Nia ilielezwa kuwa njema. Lakini waliochimba hawakuulizwa. Udongo mzuri wa juu ulifukiwa, ule mbaya ukatokea juu, na mavuno yakapungua. Mwaka 1955 watu walikataa, na Matombo ilikuwa kiini cha upinzani ule. Mpango ukaachwa. Tunaukumbuka hapa kwa kuwa unatuonyesha kwamba kwetu jembe halijawahi kuogopwa. Kilichokataliwa ni kuchimba bila kuulizwa wala kuelezwa.

Yaliyopo sasa

Sasa tuseme kwa nini hatukuingia ndani ya pango, na kwa nini tunawaomba nanyi msiingie mtakapokwenda. Shimo la zamani linaua kwa njia nyingi. Paa lake halijashikiliwa na kitu, na mwamba uliokaa miaka mia unaweza kuanguka leo kwa sababu ya sauti ya miguu tu. Hewa nzito isiyofaa kuvuta hukaa chini kwenye shimo la wima, mtu akashuka mzima akalala humo humo, na anayemfuata kumwokoa naye akalala. Palipo na mawe ya uraniamu hutoka gesi yenye mionzi, ambayo hujikusanya pangoni pasipo na upepo; mtu hapaswi kukaa wala kulala humo. Maji ya masika huficha kina. Nyoka nao wana nyumba zao.

Kuna na jambo la maji. Vijito tulivyovivuka ni watoto wa Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam na sehemu ya Pwani. Kifusi kilichoachwa ovyo mlimani hushuka na mvua, huziba chemchemi za vijiji vyetu kwanza, kisha huendelea na safari yake. Ndugu zetu mnaofungua bomba Tabata au Mbezi mkakuta maji ya rangi ya chai, baadhi ya udongo ule ni wa nyumbani.

Tulifika chini jua likielekea kuzama. Mama zetu wa kijiji walikuwa wamepika wali, kisamvu na kuku, tukala pamoja, na pale pale uwanjani tukafanya kikao kifupi pamoja na serikali ya kijiji, wenye ardhi na walimu. Tulikubaliana mambo matatu, nayo ndiyo yanayobeba harambee ya mwaka huu.

La kwanza, kuzungushia uzio mashimo yaliyo karibu na njia za shule na za kuchota maji, na kuyafukia yale yanayofukika, tukianza na lile alimoanguka mtoto. Wenye ardhi wameridhia, kijiji kitatoa nguvu kazi, sisi tutoe nguzo, saruji na waya. Hakuna shimo litakaloguswa bila wataalamu wa madini na wa mazingira kuja kulitazama kwanza.

La pili, kukusanya maelezo ya wazee. Babu ametuambia mengi kwa siku moja. Mengine bado anayo, na wenzake waliobaki wanahesabika kwa vidole. Idara ya Jiolojia ilichapisha kitabu juu ya jiolojia ya Uluguru mwaka 1964, kazi ya Sampson na Wright, na ni kazi kubwa. Lakini kitabu kile kinaeleza mawe. Waliobeba mawe hawajaandikwa na mtu. Vijana wetu wa vyuo wamejitolea kuja likizo na vinasa sauti, tunachohitaji ni nauli, chakula na gharama za kuchapa.

La tatu, na ndilo kubwa, ni maabara ya sekondari ya kata. Chumba kipo, kimefika usawa wa lenta. Hakina paa, meza, maji wala vifaa. Watoto wanasoma kemia na fizikia kwa kukariri, kisha tunashangaa wakifika kidato cha nne wakikimbia masomo ya sayansi. Tunataka kuezeka chumba hicho, kukiwekea meza, mizani nzuri na kabati lenye mifano ya mawe ya Matombo: ulanga, kwatzi, marumaru, rubi ghafi na spineli, kila kimoja na maelezo yake kwa Kiswahili. Uraninaiti hatutaiweka, kwa usalama wao. Hiyo tutaweka picha yake, na habari yake yote kuanzia mlimani hadi Vienna.

Wapo watakaouliza, kwa nini maabara katika makala ya mashimo? Jibu ni yule mwanakamati wetu na jiwe lake la bei ya baiskeli. Mlima bado una mawe. Watakuja wengine kuyatafuta, wenye leseni na wasio nayo, kutoka karibu na kutoka mbali. Hatuna uwezo wa kuzuia hilo lote, wala si lote la kuzuia. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba atakayesimama kwenye mdomo wa shimo lijalo, iwe ni mwenye ardhi, mchimbaji, mpima au afisa, ni mtoto wa Matombo anayelijua jiwe kwa jina lake, anajua linakwenda wapi na kufanya kazi gani, na anajua kuuliza nani atafukia.

Tulipokuwa tukiagana, Babu alimpa mtoto mdogo kuliko wote katika msafara wetu kipande cha ulanga, kikubwa kama kiganja. Alimwambia apeleke shuleni kwao Dar es Salaam, akamwonyeshe mwalimu, na mwalimu akiuliza kimetoka wapi, asiseme Morogoro. Aseme Matombo.

Ndugu zetu, mkono mtupu haulambwi, na haba na haba hujaza kibaba. Mwenye bati moja alete, mwenye mfuko wa saruji alete, mwenye vitabu, mwenye darubini iliyokaa kabatini, mwenye utaalamu na mwenye siku moja ya kutoa, wote tunawahitaji. Utaratibu wa kuchangia umeelezwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki, na mapato na matumizi ya mwaka jana yamo kurasa za katikati kwa kila mwanachama kuyakagua. Mwakani, Mungu akitujalia, matembezi yataanzia kwenye maabara iliyoezekwa, kisha tupande mlimani tukalitazame shimo lile la wima likiwa limefungwa. Viatu mvae vya kupandia. Babu atawakagua.